Samaki ni wa Nani? Iceland, Mgawo wa Uvuvi na Swali la Mjomba Wangu



Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nilikuwa nyumbani likizo. Mjomba wangu amevua dagaa kwa zaidi ya miaka ishirini bila kumiliki hata ubao mmoja wa mtumbwi. Siku hiyo alikuwa amekaa uani akirekebisha nyavu za tajiri wake bila malipo, asije akapoteza nafasi yake chomboni siku ziwa litakapofunguliwa.

"Mjomba," akaniita, "wewe unayesoma falsafa hebu nisaidie. Walipokuja kuandika pale mwaloni, waliandika vyombo na wenye vyombo. Mimi sikuandikwa popote. Siku wakiamua kugawana samaki, nitahesabiwa kama nani?"

Nilimjibu maneno ya jumla kuhusu serikali na mipango. Akanitazama, akaendelea na sindano yake. Niliporudi seminarini na kufika kwenye mada ya haki na mali katika somo la maadili, nililichukua swali lake kama kazi yangu ya muhula. Makala hii ni matunda ya kazi hiyo. Kufunga ziwa kwa miezi mitatu si sawa na kugawa samaki, lakini ziko nchi ambazo tayari zimegawa samaki wao kwa hesabu na kwa majina. Iceland imefanya hivyo kwa miaka mingi na kwa ukamilifu kuliko nyingi, kwa hiyo tutajifunza hasa kwake.

1. Bahari ilivyopata mipaka

Mwaka 1609 mwanasheria Mholanzi Hugo Grotius alichapisha kitabu chake *Mare Liberum*, yaani Bahari Huru. Aliandika akitetea biashara ya Waholanzi katika Bahari ya Hindi dhidi ya Wareno. Hoja yake, kwa kifupi, ni hii: tunagawana vitu kwa sababu matumizi ya mmoja humpunguzia mwingine. Shamba nikililima mimi, wewe huwezi kulilima. Bahari haipungui kwa kupitiwa wala kwa kuvuliwa, kwa hiyo hakuna mfalme mwenye haki ya kuifunga.

Miaka themanini baadaye, Mwingereza John Locke alitumia samaki kama mfano wa jinsi mali inavyoanza. Samaki aliye baharini ni wa wote. Anayemvua anaongeza kazi yake juu yake, na kwa kazi hiyo samaki anakuwa wake. Locke aliweka sharti: anayechukua awaachie wengine vya kutosha na vyenye ubora uleule.

Wanafalsafa hawa wawili walitegemea dhana moja, kwamba samaki ni wengi mno kuweza kuisha. Katika karne ya ishirini dhana hiyo ilianguka. Injini, nyavu za kukokota na mitambo ya kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti viliwapa wanadamu nguvu ya kuumaliza ukoo mzima wa samaki. Mwaka 1992 Kanada ililazimika kufunga uvuvi wa chewa wa Atlantiki katika pwani ya Newfoundland. (Namwita hivyo samaki huyu wa maji baridi kwa kukosa jina lililozoeleka, si yule chewa wa miamba wa pwani yetu.) Watu zaidi ya 30,000 walikosa kazi, katika eneo lililokuwa limeishi kwa samaki huyo kwa karne nyingi.

Kabla ya hapo mataifa yalikuwa yamekwisha kuanza kuweka mipaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ulioanza kutumika mwaka 1994 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unaipa kila nchi ya pwani haki juu ya samaki hadi maili za baharini 200 kutoka ufukweni, yaani kilomita 370 hivi. Pamoja na haki hiyo upo wajibu: nchi ikadirie ni kiasi gani kinaweza kuvuliwa bila kuuharibu ukoo wa samaki.

Mkataba unasema bahari ni ya nchi ipi. Ndani ya nchi, nani atatupa wavu na nani atabaki ufukweni? Hilo mkataba umewaachia wenye nchi.

2. Kwa nini kikomo cha jumla hakitoshi

Mtu anaweza kusema: serikali itangaze kwamba mwaka huu mwisho ni tani kadhaa, zikifika basi. Nchi nyingi zilianza hivyo, na kilichofuata kilikuwa mbio. Kila mwenye chombo anajua kwamba samaki ambaye hakumvua leo atavuliwa na jirani kesho. Ananunua injini kubwa zaidi, anaajiri watu zaidi, anatoka hata siku ya dhoruba.

Mfano unaotajwa sana ni uvuvi wa halibati, samaki bapa mkubwa, huko Alaska. Kabla ya mwaka 1995 msimu ulikuwa umefupika hadi, katika baadhi ya maeneo, kubaki siku moja au mbili kwa mwaka. Saa ikipigwa vyombo vyote vinatoka, hali ya hewa iwe nzuri au mbaya. Watu walikufa maji. Samaki walifika sokoni wote kwa mpigo, bei ikashuka. Mwaka 1995 kila mwenye haki alipewa fungu lake, na msimu ukarefuka hadi miezi minane hivi, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa akikimbizana na mwenzake.

Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika insha mashuhuri juu ya janga la mali ya pamoja. Kwake, mahali ambapo kila mtu yuko huru kuchukua, wote wanaangamia. Aristoteli alikwisha kugusa jambo hilo katika kitabu cha pili cha *Siasa*: kilicho cha watu wengi zaidi hutunzwa kidogo zaidi. Tukubali basi kwamba tatizo ni la kweli. Anayepinga mgawo lazima aonyeshe njia nyingine ya kuzizuia mbio hizo.

3. Mgawo unavyofanya kazi

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Una hatua nne.

*Kwanza,* wanasayansi wanapima ukoo wa samaki na kushauri kiasi kinachofaa kuvuliwa. Iceland ina taasisi ya utafiti wa bahari kwa kazi hiyo. Kwa chewa wa Atlantiki inafuata kanuni iliyoandikwa, ambayo kwa miaka ya karibuni msingi wake ni asilimia 20 ya uzito wa samaki waliofikia umri wa kuvuliwa.

*Pili,* waziri anatangaza kiasi cha juu kwa mwaka wa uvuvi, ambao Iceland unaanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti.

*Tatu,* kila chombo kina hisa, ambayo ni asilimia ya kiasi hicho. Tuseme kiasi cha mwaka ni tani 200,000 na chombo kina hisa ya nusu ya asilimia moja. Kitavua tani 1,000. Mwaka unaofuata kiasi kikishushwa hadi tani 160,000, chombo hichohicho kitavua tani 800. Samaki wakipungua wote wanapungukiwa kwa uwiano uleule, na wakiongezeka wote wanaongezewa.

*Nne,* na hapa ndipo ugomvi unapoanzia, hisa inaweza kuuzwa au kukodishwa. Asiyetaka kuvua anampa mwingine kwa fedha. Wanauchumi wanaipenda hatua hii, kwa sababu samaki wanaishia mikononi mwa anayeweza kuwavua kwa gharama ndogo zaidi.

4. Njia ya Iceland

Iceland ni nchi ya watu wasiofika laki nne, na kwa muda mrefu samaki ndiye aliyeilisha. Ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 12 mwaka 1958, maili 50 mwaka 1972, na maili 200 mwaka 1975. Kila mara iligombana na Uingereza, hata meli zikagongana baharini, na ugomvi ukaisha mwaka 1976 kwa ushindi wa Iceland.

Kuwafukuza wageni hakukuokoa samaki. Heringi walikuwa wameporomoka mwishoni mwa miaka ya 1960, na walipoanza kuvuliwa tena mwaka 1975 ilikuwa kwa mgawo wa kila chombo. Chewa nao wakaendelea kupungua, maana sasa Waiceland wenyewe ndio waliokuwa wakishindana. Mwaka 1984 mgawo ukaletwa kwa chewa na samaki wengine wa chini, kama hatua ya muda. Nani apewe? Walichukua miaka mitatu iliyotangulia na kuangalia kila chombo kilivua kiasi gani. Aliyevua sana akapewa sana. Sheria ya mwaka 1990 ikaufanya mpango kuwa wa kudumu, na hisa zikaruhusiwa kuuzwa kwa uhuru mkubwa zaidi.

Tuseme ukweli juu ya matokeo mema. Vyombo visivyohitajika viliondoka, uvuvi ukaanza kuleta faida, na baada ya kanuni za kisayansi kukazwa, chewa wazazi waliongezeka kufikia viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo kadhaa. Hayo ni mafanikio, na nchi nyingi zinayatamani.

Gharama nayo ipo. Hisa zilizotolewa bure mwaka 1984 zikawa mali ya thamani kubwa, zikauzwa na kuwekwa dhamana benki. Waiceland wakapata neno la dhihaka kwa waliotajirika: makabaila wa bahari. Hisa zilihama kutoka vijiji vidogo kwenda makampuni makubwa. Mwaka 2007, katika kijiji cha Flateyri kwenye fiyodi za magharibi, kampuni kuu ya uvuvi iliuza hisa zake na kufunga shughuli. Watu zaidi ya mia moja walikosa kazi katika kijiji cha watu mia tatu hivi. Samaki walikuwa wangali baharini, mbele ya nyumba zao. Haki ya kuwavua ilikuwa imekwisha kuondoka kwa karatasi moja iliyosainiwa na wachache.

Mabaharia nao waliumia. Hesabu ya mwaka 1984 ilifuata chombo, na hisa ikaenda kwa mwenye chombo. Mtu aliyesimama sitahani usiku wa barafu akivuta nyavu miaka yote ile mitatu hakupata chochote. Baadaye wapo wenye vyombo waliokodi mgawo kwa wengine na kukata sehemu ya gharama kwenye malipo ya mabaharia. Katika miaka ya 1990 mabaharia waligoma zaidi ya mara moja, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Niliposoma hapo nilimkumbuka mjomba na sindano yake.

5. Sheria inasema nini, na maisha yanasema nini

Kifungu cha kwanza cha sheria ya Iceland kinatamka kwamba samaki wa nchi hiyo ni mali ya pamoja ya taifa, na kwamba kupewa mgawo hakumpi mtu umiliki wa samaki hao. Katika maisha, mwenye hisa anaiuza, anaikodisha na kuwarithisha watoto wake. Mwanafunzi wa falsafa lazima aulize: kitu ambacho ninaweza kukiuza, kukikodisha na kukirithisha, kimebakiza nini ili kiwe changu?

Wavuvi wawili wa Iceland waliuliza swali hilo kwa vitendo. Waliomba mgawo wakanyimwa. Mwaka 2001 wakaenda kuvua bila mgawo na kujiripoti wenyewe. Mahakama ziliwatia hatiani, wakapeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2007 Kamati ilisema, kwa wajumbe walio wengi, kwamba wametendewa kwa ubaguzi. Hoja yake inafaa kusomwa polepole. Kuwapa kipaumbele waliokuwa wakivua kunaweza kuwa na sababu nzuri kama hatua ya muda. Lakini hatua hiyo ilipofanywa ya kudumu, haki ya kutumia mali ya umma iligeuka kuwa mali ya mtu binafsi. Asiyevua tena hairudishi haki kwa taifa ili wengine waipate. Anaiuza kwa bei ya soko, na kijana anayeanza kuvua lazima amlipe.

Taifa limejaribu kurekebisha. Sheria ya mwaka 2002 ilianzisha ada ya uvuvi kwa wenye hisa. Kampuni moja hairuhusiwi kushika zaidi ya asilimia 12 ya thamani ya hisa zote. Sehemu ya samaki inatengwa kwa ajili ya vijiji vilivyo dhaifu. Tangu mwaka 2009 upo uvuvi wa pwani wa majira ya kiangazi: mashua ndogo, mishipi tu bila nyavu, siku nne kwa wiki, saa zisizozidi 14 kwa safari, na mvuvi hahitaji kununua hisa. Katika kura ya ushauri ya Oktoba 2012, zaidi ya asilimia 80 ya waliojibu swali la maliasili walitaka katiba itamke kwamba maliasili zisizo za mtu binafsi ni mali ya taifa. Katiba haikubadilishwa.

6. Wengine walivyogawa

New Zealand ilianza mgawo wake mwaka 1986. Miaka michache kabla, wavuvi wa muda, yaani wanaovua msimu fulani na kulima msimu mwingine, walifutiwa leseni. Wengi wao walikuwa Wamaori. Historia ya uvuvi ilipopimwa, watu waliovua bahari ile kabla ya Mzungu yeyote kufika walikutwa hawana historia kwenye karatasi. Walikwenda mahakamani, na mapatano ya mwaka 1992 yaliwapa nusu ya kampuni kubwa ya uvuvi pamoja na asilimia 20 ya mgawo wa kila aina mpya ya samaki itakayoingizwa katika mpango.

Alaska, katika mwaka huohuo wa 1992, ilitengewa utaratibu wa kuwapa fungu la samaki wa Bahari ya Bering si watu binafsi bali vijiji vya pwani. Leo vijiji 65 vimo katika vikundi sita, na mapato yanatumika kwa ajira, mafunzo na maendeleo ya vijiji hivyo.

Namibia, baada ya uhuru wa mwaka 1990, haikutoa haki za kudumu. Ilitoa haki za miaka maalumu na kuwapa raia wake kipaumbele. Nia ilikuwa njema, lakini uamuzi wa nani apate ulikaa mikononi mwa wachache. Mwaka 2019 nyaraka zilizovuja zilizusha tuhuma za rushwa kati ya wakubwa wa huko na kampuni moja ya uvuvi kutoka Iceland. Mawaziri wawili, wa uvuvi na wa sheria, walijiuzulu na kesi zikafunguliwa. Tunaona kwamba kuuacha mgawo kwenye soko kuna hatari yake, na kuuacha kwenye meza ya waziri kuna hatari nyingine.

Tukikusanya, vipimo vya kugawa ni vinne: aliyevua zamani, anayelipa zaidi, jamii inayoishi kando ya maji, au anayefanya kazi yenyewe. Kila kipimo kina watu kinaowasahau. Cha kwanza kinawasahau vijana na mabaharia. Cha pili kinawasahau maskini. Cha tatu kinaweza kumsahau mgeni aliyehamia, na cha nne ndicho kinachotumiwa kwa uchache zaidi.

7. Mtakatifu Thomas wa Akwino mwaloni

Katika *Summa Theologiae*, sehemu ya pili ya sehemu ya pili, swali la 66, ibara ya 2, Mtakatifu Thomas anauliza kama ni halali mtu kuwa na kitu kama chake mwenyewe. Anajibu kwa kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa kushughulikia vitu na kuvigawa. Hapo umiliki wa binafsi ni halali, tena unafaa kwa sababu tatu: mtu hutunza zaidi kilicho chake, kazi hupata mpangilio, na watu huishi kwa amani kila mmoja akijua mipaka yake. La pili ni matumizi ya vitu. Hapo mtu asivishike kama vyake peke yake, bali kama vya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida.

Tuiweke tofauti hiyo juu ya mgawo. Sababu zote tatu za Mtakatifu Thomas zimo Iceland: utunzaji umeongezeka, kazi imepangika, mbio zimeisha. Kwa upande wa kushughulikia, basi, mgawo unaweza kutetewa, na Mkatoliki hana sababu ya kuupinga kwa jina tu. Kosa linaingia pale mamlaka ya kushughulikia yanapomeza haki ya wote ya kunufaika. Kijiji cha Flateyri hakikulalamika kwamba samaki wanahesabiwa. Kililalamika kwamba matunda ya samaki yamehama, na hakuna aliyewauliza.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yamelikuza fundisho hilo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika *Laudato Si'* ya mwaka 2015, namba 93, anaiweka haki ya mali ya binafsi chini ya kusudi la vitu vyote kwa ajili ya watu wote. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika *Laborem Exercens* ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ina kipaumbele juu ya mtaji, kwa sababu kazi ni ya mtu na mtaji ni chombo. Mpango unaohesabu vyombo na kumsahau mtu aliye ndani ya chombo umegeuza mpangilio huo juu chini.

8. Pingamizi mbili

*Pingamizi la kwanza.* Mwenye chombo ndiye aliyebeba hatari. Alikopa fedha, na chombo kikizama hasara ni yake. Kwa hiyo ni haki apewe yeye.

*Jibu.* Ni kweli alibeba hatari ya mtaji, na anastahili faida ya mtaji wake. Lakini chombo kikizama, baharia anazama nacho. Hatari ya uhai haiwezi kuwa ndogo kuliko hatari ya fedha. Tena walio wengi kati ya wenye hisa wa leo hawakupewa mwaka 1984. Walinunua kutoka kwa waliopewa. Kwa hao hoja ya kubeba hatari ya zamani haina nguvu, ingawa inabaki haki kwamba fedha walizolipa kwa nia njema zisipuuzwe katika marekebisho yoyote.

*Pingamizi la pili.* Ukianza kuwagawia mabaharia, vijiji na vijana, kila mmoja atapata kidogo kisichomfaa, na tutarudi kwenye vurugu.

*Jibu.* Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 kwamba Hardin hakusema yote. Zipo jamii zilizotunza mali ya pamoja bila kuigawa kwa watu binafsi na bila kuendeshwa na serikali kutoka mbali. Mfano wake mmoja ni wavuvi wa Alanya nchini Uturuki, walioziorodhesha sehemu zao za kuvulia na kuzungushana kwa zamu, kila mmoja akipita sehemu nzuri na mbaya. Masharti yake ni kwamba wanaohusika washiriki kutunga kanuni, wasimamie wenyewe, na adhabu zianze ndogo. Kugawa kwa wengi kunaleta vurugu pale ambapo wengi hao hawakushirikishwa katika kupanga.

Hitimisho

Desemba iliyopita nilimrudia mjomba. Tulikaa palepale uani. Nilimweleza habari za Iceland, mabaharia waliogoma, kijiji kilichobaki kikitazama samaki wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa wale mabaharia, kabla ya kugawana, walikuwa na orodha yao?"

Nilisema kwamba hesabu ilifuata vyombo.

"Basi sisi tuanze na orodha," akasema.

Nimeona hakuna jibu bora kuliko hilo kwa sasa. Maji yetu bado hayajagawiwa kwa hisa. Bado tuna nafasi ambayo Iceland ilikuwa nayo mwaka 1983 na ikaipoteza kwa haraka, nafasi ya kuuliza nani anaishi kwa samaki kabla ya kuuliza nani anamiliki chombo. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vipo mialoni. Je, kuna daftari la wavuvi wasio na vyombo? Wanawake wanaoanika dagaa wameandikwa? Parokia za kando ya ziwa na pwani, kupitia Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, zinawajua watu hawa kwa majina. Zinaweza kuwasaidia kujiandikisha, kuhudhuria mikutano na kusema. Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinaagiza ardhi irudi kwa familia kila mwaka wa hamsini, kwa kuwa nchi ni ya Mungu na watu ni wapangaji wake. Mgawo wa samaki wenye mwisho wa muda, unaorudi kwa jamii na kugawiwa upya, uko karibu zaidi na agizo hilo kuliko hisa ya milele.

Maswali ya kutafakari, binafsi au katika jumuiya

1. Katika eneo lako, ni mali gani ya pamoja (ziwa, malisho, msitu, chemchemi) ambayo matunda yake yamekwisha kuhamia kwa wachache? Ilianzaje?

2. Ukipewa jukumu la kugawa haki ya kuvua katika mwalo mmoja, utatumia kipimo kipi kati ya vile vinne? Kipimo chako kitamsahau nani?

3. Soma habari ya shamba la Naboti katika 1 Wafalme, sura ya 21. Ahabu alikuwa tayari kulipa fedha. Kwa nini bei nzuri haikutosha kuifanya biashara ile kuwa ya haki?

4. Jumuiya yako inaweza kufanya nini mwaka huu ili watu wasio na chombo wala shamba waandikwe na wasikike?